Kombe la Dunia 2026 kutazamia nyumbani Tanga: dishi linakatakata, umeme, na saa za mechi

Binti_Sahare (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Kombe la Dunia linaanza Alhamisi tarehe 11 Juni na mara hii tunataka kutazamia nyumbani. Baba hawezi tena kukaa kwenye benchi la kibanda umiza mpaka usiku wa manane. Nyumba iko Sahare, karibu kabisa na bahari, paa la bati. Tivii ni ya inchi 32. Juu ya paa kuna madishi mawili ya siku nyingi: moja limeangalia magharibi, jingine limeangalia karibu juu kabisa.

Hili la magharibi ndilo tunalotumia. Asubuhi picha safi. Ikifika alasiri upepo ukikolea, picha inavunjika vipande, sauti inakatika, mwisho linakuja tangazo la hakuna mawimbi. Kwenye menyu, upau wa nguvu ya mawimbi unasoma 85 na hautikisiki. Upau wa ubora unacheza kati ya 20 na 60.

Naomba msaada kwenye mambo manne: dishi, umeme ukikatika katikati ya mechi, saa za mechi kwa saa zetu (kila ratiba ninayoiona inasema yake), na kama kutazama kwa simu na bando ni nafuu kuliko king'amuzi.

---

FundiDishi_Ngamiani

Marahaba dada. Umefanya vizuri kuleta namba, wengi huandika tu "picha haioneshi".

Upau wa nguvu unaonesha kama king'amuzi kinapokea chochote kutoka kwenye kichwa cha dishi (LNB). Upau wa ubora ndio unaoonesha kama kinachopokelewa ni chenyewe, tena kisafi. Vyote viwili vikiwa sifuri, waya umekatika au unywele mmoja wa wavu (nyuzi za chuma zilizo chini ya ganda la waya) umegusa shaba ya katikati. Nguvu ikiwa juu na ubora sifuri tupu, dishi limelenga setilaiti siyo. Ubora ukipanda na kushuka kwa kufuata upepo, kama huo wako, hapo tafuta mambo matatu: mti unaopita mbele ya dishi, konekta iliyoliwa na chumvi, au nati zilizolegea. Kifurushi hakihusiki, na king'amuzi usikiguse kwanza.

Anza na mti maana huo hauhitaji hata spana. Dishi lililoangalia magharibi ni la setilaiti ya digrii 7 mashariki, wanayotumia Azam. Sisi Tanga tuko digrii 39 mashariki, kwa hiyo setilaiti hiyo iko mbali upande wetu wa magharibi. Dishi linalenga magharibi likisogea kaskazini kidogo, kama digrii 8, na mwinuko wake ni digrii 52. Usidanganywe na uso wa dishi. Madishi haya hupokea kwa pembe, kwa hiyo kwa macho linaonekana limeinama kama digrii 25 chini ya pale linapolenga hasa. Watu wengi husema "mbona mnazi uko juu ya dishi, hauzuii kitu", kumbe ndipo mawimbi yanapopita.

Hesabu yake ni hii. Chukua urefu ambao mnazi umelizidi dishi, gawanya kwa 1.3. Mnazi uliolizidi dishi kwa mita 13 unatakiwa uwe mbali zaidi ya mita 10 kwenda magharibi, na uongeze mita 4 au 5 za kuti lenyewe, kwa sababu kusi ikivuma kuti halikai mahali pake. Dalili ya mnazi ni kwamba ubora unashuka na kupanda kwa mwendo ule ule wa kuti, unaweza kusimama dirishani ukaviona vikienda pamoja. Minazi inarefuka. Dishi lililofungwa vizuri miaka 6 iliyopita linaweza kuwa limezibwa leo bila mtu kuligusa.

Hilo jingine lililoangalia juu ni la digrii 36, wanayotumia DStv. Setilaiti hiyo iko karibu na utosi wetu, mwinuko digrii 83, kwa hiyo mti wa kulizuia labda ulifunike kabisa.

Kama magharibi hakuna mti, panda ukaangalie konekta. Zima king'amuzi kwenye soketi kwanza, maana waya ule unapeleka volti 13 au 18 juu, na ukigusisha shaba na wavu king'amuzi kikiwa kimewaka unaweza kukiua. Fungua konekta ya kwenye LNB utazame ndani. Ukiona ukijani kwenye shaba, au unga mweupe kwenye wavu, umepata mchawi wako. Chumvi ya bahari ndivyo inavyofanya, na Sahare na Raskazone ndio mnaoongoza kwa hilo hapa mjini.

Kata sentimita 10 za waya, utazame tena. Shaba iwe inang'aa, povu linaloizunguka shaba liwe jeupe, wavu uwe na rangi ya fedha. Ukikata mpaka sentimita 30 na wavu bado ni mweusi, maji yameshatembea ndani ya waya. Badilisha waya wote, usihangaike.

---

Binti_Sahare

Asante sana kaka fundi. Magharibi hakuna mti, ni nyumba ya chini tu ya jirani. Ndani ya konekta kuna kijani kama ulivyosema. Tumekata mara tatu, wavu bado mweusi. Tena waya umeungwa katikati, juu ya bati, kiungo kimezungushiwa nailoni. Urefu wake wote ni kama mita 40.

---

FundiDishi_Ngamiani

Basi tatizo ni hicho kiungo pamoja na waya wenyewe. Nailoni haizuii maji, inayatunza. Usiku umande unaingia, mchana bati linachemka, chumvi inabaki ndani.

Nunua waya mpya wa RG6, wa ohm 75, kipande kimoja kisicho na kiungo. Waya huu hupoteza kama desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye masafa ya megahezi 1,000, na zaidi yanapopanda kuelekea 2,000, kwa hiyo jitahidi usizidi mita 30. Mara nyingi mita 40 zinatokana na waya kuzungushwa nyumba nzima ili uingilie mlangoni. Toboa tundu kwenye fremu ya dirisha la karibu, kwa kulielekeza chini kidogo kwenda nje ili mvua isifuate waya ikaingia sebuleni.

Kufunga konekta:

1. Chuna ganda la nje milimita 15 hivi. Rudisha wavu nyuma juu ya ganda, hakikisha hakuna unywele uliobaki mbele.
2. Chuna povu ubakize shaba. Usiikwaruze kwa kisu, itakatika ukiikunja.
3. Sukuma konekta mpaka povu jeupe lilingane na sakafu ya ndani ya konekta. Shaba itokeze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa konekta, isizidi.
4. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kupanda juu, ili kila mzunguko uulalie wa chini yake na maji yateleze. Tepu nyeusi ya kawaida ya umeme hukauka kwa jua, kabla ya mwaka imeshabanduka.
5. Kabla waya haujaingia kwenye LNB, uache uning'inie kitanzi chini ya konekta. Maji yatadondokea kwenye kitanzi, hayatapanda.

Kwa nyumba za pwani chagua konekta za kubana kwa koleo maalumu, zile za kuzungusha kwa mkono huachia hewa. Kwenye nyuzi za konekta paka grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka usiweke, joto la bati huyayeyusha yakaingia ndani. Na ukiwa juu huko tazama kifuniko cha plastiki mbele ya LNB. Kikiwa na ufa, badilisha LNB yote, unyevu ukishaingia pale haukauki.

Halafu nati. Weka pima maji kwenye bomba la dishi pande mbili. Bomba likiwa limelala, hakuna kipimo kingine kitakachokuja sawa. Kabla ya kulegeza nati yoyote piga mstari wa kalamu kwenye bomba na kwenye kishikio, ili ukipotea ujue pa kurudi. Mtu mmoja abaki ndani akisoma ubora kwa simu. Sogeza dishi kidogo sana kisha subiri sekunde 5, kwa sababu king'amuzi huchelewa kutoa jibu, na mtu mwenye haraka huipita sehemu nzuri bila kujua. Kwenye dishi la sentimita 80, digrii 1 ni tofauti ya milimita 14 tu kati ya ukingo na ukingo. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, maana kukaza upande mmoja mpaka mwisho hulivuta dishi. Kichwa cha dishi hilo la magharibi utakikuta kimelala upande sana. Kiache hivyo hivyo. Tukiwa karibu na ikweta ndivyo kinavyotakiwa.

Lengo lako ni ubora wa 70 kwenda juu hali ya hewa ikiwa safi. Mvua kubwa itaukata hata ukifanya nini, lakini aliyeanza na 75 atakatiwa dakika chache, na aliyeanza na 45 atakosa kipindi kizima.

---

MgosiRatiba_Chumbageni

Mimi nachukua la saa. Dada, ratiba unazoziona zote zinaweza kuwa sahihi, kila moja inataja saa za mji mwingine. Mechi 104 zinachezwa kwenye miji 16 ya Marekani, Mexico na Kanada, katika kanda nne za saa. Sisi tumewatangulia wote.

Njia rahisi kwa anayesoma saa za Kiswahili ni hii: chukua saa ya mji wa mechi kama ilivyoandikwa kwa Kizungu, kisha

- ongeza 1 kwa New York na New Jersey, Boston, Philadelphia, Miami, Atlanta na Toronto
- ongeza 2 kwa Dallas, Houston na Kansas City
- ongeza 3 kwa Mexico City, Guadalajara na Monterrey
- ongeza 4 kwa Los Angeles, San Francisco, Seattle na Vancouver

Ikizidi 12, toa 12. Mechi ya ufunguzi iko Mexico City saa 1:00 mchana kwa Kizungu. Ongeza 3, kwetu saa 4 usiku. Fainali iko New Jersey Jumapili tarehe 19 Julai, 3:00 mchana kwa Kizungu. Ongeza 1, saa 4 usiku vile vile. Nusu fainali ya Dallas tarehe 14 na ya Atlanta tarehe 15 nazo ni saa 4 usiku. Kwa hiyo mechi kubwa kabisa mzee ataziona bila kukesha.

Hatari iko kwenye tarehe. Mechi inayoanza New York saa 6:00 jioni ya Kizungu, kwetu ni saa 7 usiku, na tarehe imeshabadilika. Brazil na Morocco wameandikiwa Jumamosi tarehe 13 Juni. Hapa Tanga ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 14. Ukikaa kuisubiri Ijumaa usiku kwa sababu umechanganya saa yetu ya 01:00 na tarehe yao ya 13, umeiwahi kwa siku nzima. Ukiisubiri Jumapili usiku umeikosa. Andika kwenye karatasi "usiku wa kuamkia" kwa kila mechi ya saa 6 usiku na kuendelea, ubandike karatasi karibu na tivii.

Za pwani ya magharibi zinazoanza 9:00 usiku kwao, kwetu ni saa 1 asubuhi, wakati wa chai. Hizo zinamfaa mzee kuliko za saa 10 alfajiri.

Muda wa kukaa uhesabu hivi: dakika 90, mapumziko 15, za nyongeza, na mara hii kuna mapumziko ya maji ya dakika 3 kila kipindi, kwenye mechi zote, hata kusipokuwa na joto. Panga saa 2 kamili. Kuanzia hatua ya mtoano panga saa 2 na dakika 50, kwa ajili ya dakika 30 za ziada na penalti. Na hatua hiyo mara hii inaanza na timu 32: makundi ni 12, wanapita wawili wawili pamoja na washindi wa tatu bora 8.

Hiyo ya ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, msikose. Ndiyo mechi iliyofungua Kombe la 2010 Johannesburg, tena tarehe hiyo hiyo ya 11 Juni, Siphiwe Tshabalala akafunga lile bao la mguu wa kushoto, ikaisha 1-1. Safari hii wanakutana Azteca, uwanja ulioshafungua Kombe la 1970 na la 1986.

---

UmemeJua_Pongwe

Kuhusu umeme: kitu cha kwanza kununua ni kifaa cha kukinga tivii, kile kinachokata umeme ukiwa mwingi au mdogo na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha. Kinachoua tivii zaidi ni umeme unaporudi, unakuja na mshindo. Kama hujakinunua, umeme ukikatika chomoa tivii na king'amuzi ukutani, subiri dakika 5 baada ya kurudi ndipo uchomeke.

Sasa akiba. Tivii ya LED ya inchi 32 hula wati 35 hadi 50, king'amuzi wati 10 hadi 15. Chukua 60 kwa vyote viwili. Betri ya N70 ni volti 12 mara ampea-saa 70, yaani wati-saa 840. Betri ya maji au ya jeli usiishushe chini ya nusu, utaifupishia maisha, kwa hiyo zako ni 420. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inapoteza, inabaki kama 350. Gawanya kwa 60: saa 5 na kitu, mechi mbili.

Watu hupotea kwenye kuchagua inveta. Mtu ana tivii na king'amuzi tu, ananunua inveta ya wati 1,500 akidhani kubwa ndiyo bora. Inveta kubwa hula wati 15 au 20 yenyewe tu ikiwa imewaka, karibu theluthi ya matumizi yenu yote. Ya wati 300 inawatosha.

Kabla hata ya inveta, geuza tivii usome kibandiko cha nyuma. Tivii nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwetu zina tundu la DC volti 12. Ikiwa nayo, iunge moja kwa moja kwenye betri kwa waya wenye fyuzi, na king'amuzi hivyo hivyo kama adapta yake imeandikwa 12V. Hakikisha chanya iko katikati ya plagi kama mchoro wa kwenye kibandiko unavyoonesha. Kuwa mwangalifu kitu kimoja: betri ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4, na vifaa vingine havipendi. Tazama mechi baada ya kuzima chaja.

Kujaza hizo wati-saa 420 kwa chaja ya ampea 10 ni saa 4 hadi 5. Kwa sola, paneli ya wati 100 kwa jua letu la Juni inakaribia kuzijaza kwa siku moja kama hakuna wingu. Na LUKU iangalie jioni, siyo saa 6 usiku dakika za majeruhi.

---

Bando_Makorora

Kwa simu: megabiti 1 kwa sekunde ikiendelea saa nzima ni GB 0.45. Picha ya 720p inakwenda karibu megabiti 3, hivyo ni GB 1.35 kwa saa, GB 2.7 kwa mechi. Ya 480p inatosha kwa kioo cha simu, karibu GB 1.2 kwa mechi. Ukiiacha kwenye "otomatiki" mtandao ukiwa mzuri itapanda mpaka 1080p, na bando litaisha kabla ya mapumziko. Chagua ubora mwenyewe.

Bando la usiku ni nafuu, lakini soma linaanza saa ngapi. Likianza saa 6 usiku, mechi ya saa 4 usiku iko nje yake yote. Litawafaa mechi za saa 7 na saa 10.

Na kwa intaneti picha huchelewa, mara nyingi sekunde 30 hadi dakika nzima nyuma ya dishi. Mkiwa karibu na kibanda umiza mtasikia bao kabla ya kuliona. Kwa mechi chache simu ni nafuu. Kwa mwezi mzima na familia nzima, dishi lililofungwa vizuri linashinda mbali.

---

Binti_Sahare

Mungu awabariki. Waya tunanunua kesho. La mwisho: hilo dishi la juu, tukilipia siku ya mechi linarudi mara moja? Na majirani wakija wakachangia hela ya umeme, kuna ubaya?

---

FundiDishi_Ngamiani

Usilipe siku ya mechi. Lipa siku moja kabla, na kabla ya kulipa piga simu uulize kifurushi hicho kina mechi zote 104 au sehemu tu, na kwenye chaneli gani. Ukishalipa, king'amuzi kiwe kimewaka na kimekaa kwenye chaneli yenyewe, maana ruhusa inakuja kwa mawimbi. Kikiwa kimezimwa inakipita. Kikiandika E16, malipo hayajafika kwenye kadi. Kikiandika E48-32, ni mawimbi, rudi kwenye konekta. King'amuzi kikiwa cha HD tumia waya wa HDMI, siyo zile nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano. Kwa nyaya hizo picha ya HD hushushwa na mpira haufuatiliki.

Majirani kuja ni heri. Kutoza kiingilio kwa kifurushi cha nyumbani ndiko kunakovunja mkataba, vibanda vina vifurushi vyao.

Mkimaliza kufunga waya, msijaribu asubuhi. Jaribuni saa 9 alasiri kusi ikiwa imekolea, msome ubora kwa dakika 20 mfululizo. Ukitikisika zaidi ya 5, mtu apande na spana namba 13 arudie nati za kishikio.